Pampu Ndogo

Februari 9

Pampu imekufa. Nimerudi kutoka zamu ya usiku nikaikuta nyumba kimya, nikajua kabla hata sijafika sebuleni. Miaka miwili nyumba hii imekuwa na mvumo wake, kama mashine ya kusaga iliyo mtaa wa pili, na nimeulaani mara nyingi nikiwa nimejifunika shuka mchana nikitafuta usingizi. Kristofa alikuwa kwenye kiti chake cha magurudumu mbele ya tangi, mikono juu ya mapaja, anaangalia.

"Imeungua," akasema.

"Sasa?"

"Sasa hakuna kinachozunguka."

Kwenye semina ya wauguzi tuliambiwa tuwe tunaandika, ati inapunguza uchovu. Basi naandika. Nieleze vizuri, maana nikija kusoma uzeeni nitakuwa nimesahau. Sebuleni kwetu hapa Bariadi kuna tangi la kioo la lita mia nne za maji ya chumvi, na ndani yake kuna matumbawe hai na samaki. Mume wangu alikuwa mzamiaji huko kwetu Tanga, akiwazamia watafiti wa bahari. Siku moja mwenzake, Ansbert, aliishiwa hewa chini, Kristofa akampandisha haraka kuliko mwili unavyoruhusu. Ansbert alipona. Kristofa mapovu ya hewa yalimharibu uti wa mgongo, miguu ikafa, na kuanzia kiunoni kwenda chini hasikii kitu. Nikaomba uhamisho tuje huku, karibu na kwao Nkoma. Ansbert, ambaye sasa anafuga matumbawe na kuuza vifaa vya matangi Dar es Salaam, alimtumia vipande vidogo vya kuotesha, na Kristofa akaviotesha.

Maji ya tangi hushuka kwa bomba hadi kwenye tangi la chini, uani, ndani ya shimo alilochimbisha kukwepa joto la huku. Mle yanachujwa na kupoa. Kisha pampu ya kurudisha inayasukuma juu tena, sebuleni. Pampu isipofanya kazi maji yanasimama, na matumbawe hayaishi kwenye maji yaliyosimama.

Kwa sasa ameweka kifaa cha betri kinachotoa mapovu. Kinasaidia kidogo.

Februari 11

Tumeongea habari ya pampu. Ile ya zamani ilikuwa ya lita elfu nne kwa saa. Alikuwa anaitafuta kwenye simu, nikamuuliza kama hakuna ndogo yake.

"Ipo. Ya elfu moja na mia tano."

"Haipigi kelele?"

"Hutaisikia."

"Itatosha?"

Akalitazama tangi. Akafungua mdomo kama anayetaka kunieleza jambo refu, akaufunga.

"Itatosha," akasema.

"Basi tuchukue hiyo."

"Sawa."

Nilikuwa nimejiandaa kwa mabishano. Mwaka jana tulinuniana wiki nzima kwa ajili ya taa za tangi hilo hilo. Nikamuuliza kama Ansbert anayo, akasema hana, ataagiza dukani Mwanza. Nimefurahi. Mume wangu siku hizi amekuwa mtu rahisi kuishi naye.

Februari 14

Imefika kwa basi la mchana. Inaenea kwenye kiganja. Fundi ameifunga na kweli haisikiki hata ukiinamia shimo.

Februari 15

Nimelala mpaka saa kumi jioni.

Februari 23

Mama mkwe amekuja kutoka Nkoma na mfuko wa matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa. Nilimsalimu kwa Kisukuma, "Mwadila, mayu", kwa matamshi yangu ya Kitanga, akaitikia bila kunicheka. Nikamwekea kiti sebuleni, akakigeuza kikatazama mlango. Kila akija ndivyo anavyofanya: analigeuzia tangi mgongo. Naona anatudharau, kwamba mwanawe ameshindwa kulima pamba akafuga mawe ya baharini, na mkewe mgeni anamwachia. Tukala tukiongea habari za mvua ambayo haijaja.

Alipoondoka, Kristofa akaniambia jambo. Kila jioni huwa namgeuza nimkague mgongo na makalio, maana mtu asiyesikia anaweza kuoza akiwa amekaa na asijue. Amesema nipumzike. Atajiangalia mwenyewe kwa kioo chenye mpini, kile nilicholetewa na dada yangu.

"Umechoka, Rahel."

"Utaona kila mahali?"

"Nitaona."

Nimekubali. Kusema kweli nilikuwa nimechoka.

Machi 4

Jua tu. Mahindi yanajikunja. Lile tumbawe la kijani, kubwa kama kabichi, leo halikufunguka. Kristofa anasema ni joto.

Machi 9

Zamu ndefu. Pacha wawili, mama amepona.

Machi 13

La kijani bado limefunga. Yale ya zambarau yenye vidole yameanza kuwa meupe nchani. Nikamwambia labda tubadilishe maji. "Sawa," akasema. Hatukubadilisha.

Machi 17

Nimegundua kwamba kwa muda mrefu Kristofa hajanikatalia kitu. Nikisema tule mchicha, sawa. Nikisema nizime redio, sawa. Kanisani wanawake wenzangu wanalalamika waume zao ni wabishi, nami nikasema wa kwangu siku hizi hana neno. Wakaniambia nimebarikiwa.

Machi 22

Mvua imekuja, tena yote kwa mpigo. Nilikuwa nimelala baada ya zamu, nikaamshwa na mabati. Kabla akili haijakaa sawa nikakumbuka shimo la uani. Linafunikwa na bati lililogandamizwa kwa jiwe, na upepo ulikuwa umeshalitupa kwenye ua wa jirani.

Nikatoka na khanga moja. Maji ya mvua yalikuwa yanaingia shimoni kama mto, yanapita juu ya kingo za tangi la chini, yanachanganyika na maji ya chumvi. Nikachomoa waya wa pampu. Nikaburuta bati, nikalikalia mwenyewe maana jiwe sikuliona, nikakaa pale mvua ikinipiga mgongoni mpaka ilipopungua. Nilikuwa natetemeka meno.

Nilipoinua macho nikamwona Kristofa dirishani. Dirisha la sebuleni linatazama shimo moja kwa moja. Kiti chake kilikuwa pale, na yeye alikuwa kwenye kiti, mkavu, ananitazama.

Nikaingia nikichuruzika maji.

"Umekuwa hapo tangu lini?"

"Tangu ilipoanza."

"Bati lilivyoruka uliliona?"

"Nililiona."

"Mbona hukuniita?"

Akafikiri kidogo, kama nimemuuliza jambo la shuleni.

"Ulikuwa umelala," akasema.

Nilikasirika nikaenda kubadilisha nguo. Sasa nimekaa na kikombe cha chai naandika na hasira imeisha, na kilichobaki sikijui jina lake. Mtu huyu alipima chumvi ya maji haya asubuhi na jioni kwa miaka miwili. Aliwahi kukesha kwa ajili ya konokono. Leo aliangalia mvua ikiyaharibu yote kama mtu anayeangalia nyumba ya watu asiowajua.

Machi 25

Mvua. Samaki wa bluu amekufa. Kristofa amenipa nimtupe, hakumwangalia.

Machi 30

Sebule inanuka. Ni ule uozo wa chumvi, tumbawe la kijani limelegea, linaachia utando. Nimefungua madirisha. Nimemwambia tulitoe, akasema sawa. Nimelitoa kwa mikono, nikalizika chini ya mpapai.

Aprili 1

Bado kunanuka. Nimepiga deki mara mbili.

Aprili 2

Niandike yote kwa mpangilio, maana kesho huenda nisiweze.

Asubuhi nilipotoka kazini nilimpigia Ansbert bila kumwambia Kristofa. Nilitaka tu kuuliza dawa ya maji. Akafurahi kunisikia, akaniita shemeji, akauliza kwa nini mwenzake siku hizi hapokei simu. Nikamweleza matumbawe yanakufa. Akaniuliza maswali yake: joto, chumvi, taa, halafu akauliza pampu ya kurudisha ni ya ngapi.

"Elfu moja na mia tano."

"Shemeji, rudia."

Nikarudia.

"Na tangi la chini bado liko shimoni?"

"Liko shimoni."

"Hiyo haiwezi kuwa," akasema. Akanieleza taratibu. Namba iliyoandikwa kwenye boksi ni ya maji yasiyopanda popote. Kila unavyoyapandisha, yanapungua, na kona za bomba zinapunguza tena. Kutoka chini ya shimo letu hadi ukingo wa tangi ni kimo cha mtu. Tangi la lita mia nne linataka maji yake yazunguke angalau mara tano kwa saa, yakiwa yameshafika juu, siyo yakiwa kwenye boksi. Ndiyo maana yeye na Kristofa walichagua ya elfu nne. "Hiyo ndogo kwa kimo hicho inachirizika tu, kama koki mbovu. Nani alikuuzia?"

"Kristofa aliagiza Mwanza. Alisema wewe huna."

"Mimi ninazo hapa dukani. Hakuniuliza." Kisha akasema kwa sauti nyingine: "Shemeji, hesabu hii alinifundisha yeye. Kristofa hawezi kukosea hapo. Hata akiwa usingizini hawezi."

Nilikuwa nimesimama nje ya lango la hospitali, watu wananipita. Nikajiona niko sebuleni siku ile, namuuliza itatosha, naye anafungua mdomo na kuufunga. Alijua. Aliichagua kwa kuwa haitatosha.

Nikajiuliza ni kitu gani kingine amekiacha. Halafu nikaikumbuka ile harufu, ambayo haikuondoka baada ya kuzika tumbawe.

Nilipanda bodaboda. Nilimkuta pale pale mbele ya tangi. Sikumsalimu. Nikafunga breki za kiti, nikamwambia tunakwenda kitandani nimkague.

"Nimeshajiangalia asubuhi."

"Nataka kuona mwenyewe."

Akanitazama, halafu akasema, kwa upole kabisa: "Sawa."

Nimekuwa muuguzi miaka kumi na mbili. Vidonda vya kulalia nimeviona vingi, vya wazee walioachwa na watoto wao, na kila mara nimewatazama ndugu waliowaleta kwa jicho ambalo leo nimetazamwa nalo. Kidonda kiko kwenye kalio la kushoto. Ngozi ya juu imeachia kidogo tu, lakini chini kimechimba, kidole changu kiliingia na kugusa mfupa. Mwili wake ulikuwa wa moto. Kwenye mto wa kiti alikuwa ametandika khanga iliyokunjwa ili nisione doa.

Dk. Luhaga alimpokea mwenyewe. Alisafisha, akatazama kwa muda mrefu.

"Sista Rahel, hiki kina muda gani?"

Wauguzi wenzangu walikuwa wamesimama pale na trei, wakaangalia chini.

Aprili 5

Maambukizi yameingia kwenye damu. Homa haishuki. Haongei.

Aprili 6

Hivyo hivyo.

Aprili 8

Wamemkata nyama iliyokufa. Kidonda sasa ni kikubwa kuliko kilivyokuwa, ndivyo inavyotakiwa. Nimewaeleza ndugu wengi maneno hayo, sikujua yanavyosikika.

Aprili 11

Homa imeshuka kidogo. Nimefika nyumbani kwa mara ya kwanza tangu alazwe, nikijua nitakuta tangi limekufa lote.

Mlango ulikuwa wazi. Mama mkwe alikuwa uani, amepiga magoti kandokando ya shimo, anachota maji ya tangi la chini kwa ndoo. Akainuka kwa shida, akajikokota hadi sebuleni, akapanda juu ya kigoda na kuyamimina taratibu kwenye tangi. Akarudi uani. Alikuwa ameloa mpaka kifuani. Hakuniona mpaka nilipomshika mkono.

"Mama, nani amekwambia ufanye hivi?"

"Hakuna mtu. Nimeona kile kidude chenu hakipandishi. Kristofa aliniambia zamani, haya maji lazima yatembee." Akajifuta uso. "Nikipumzika yanasimama. Basi sipumziki sana."

Nikamwambia matumbawe yalishakufa. Akasema anajua, lakini samaki wawili wapo, wale wa rangi ya chungwa wenye mistari, wanamfuata mkono. Nikamketisha. Nikamuuliza, kwa kuwa nilichoka kiasi cha kutoona aibu, mbona siku zote alikuwa anaketi akiligeuzia mgongo tangi hili.

Akaitazama ile ndoo.

"Ng'wanone," akasema, akiniita mwanawe, "haya ni maji yaliyochukua miguu ya mwanangu. Mmeyaleta mpaka ndani mkayawekea taa. Nilikuwa nayaogopa."

Mikono yake ilikuwa na michubuko, na chumvi imeingia. Nilimpaka mafuta. Tumechota pamoja mpaka mvua ilipoanza.

Aprili 19

Mvua kila siku. Kristofa anakula uji. Ukimuuliza anaumwa wapi anasema hakuna, sawa. Nachukia neno hilo sasa.

Aprili 24

Mama mkwe anachota. Jirani anampokea jioni.

Mei 3

Leo ameongea. Nilikuwa nimemaliza kusafisha kidonda, nafunga gozi mpya. Alikuwa amelala kifudifudi, uso umegeukia ukutani.

"Ansbert amenipigia," akasema. "Amenigombeza."

Nikaendelea kufunga.

"Ulijua haitatosha," nikasema.

"Nilijua."

"Ungeniambia tu."

"Ungenunua kubwa."

Nikaketi kwenye kiti cha ndugu wa wagonjwa. Wodi ilikuwa na watu, kila mmoja na lake. Nikamuuliza na kidonda je, kioo hakikuonyesha?

"Kilionyesha. Tangu kikiwa chekundu."

"Kristofa."

"Sikupanga kujiua, Rahel. Usifikiri hivyo. Nilikuwa tu siongezi kitu. Kinachokufa kife, nisikishike." Akaendelea akiutazama ukuta. "Ulikuwa unalala. Tangu pampu ndogo ije, ulikuwa unalala mpaka jioni, nami nakusikiliza. Zamani ulikuwa hulali hivyo. Nikaona kila kitu kikipungua kidogo kidogo, utalala vizuri siku zote."

Ningependa kuandika kwamba nilimkumbatia. Sikumkumbatia. Niliinuka nikaenda chumba cha dawa, nikasimama nikiwa nimeshika kabati. Mimi ndiye niliyeomba kimya. Niliuliza kama haipigi kelele kabla ya kuuliza kama inatosha.

Nilimweleza Dk. Luhaga yote. Amesema kuna mtaalamu wa mambo ya akili anayekuja kila mwezi, atamwona.

Mei 10

Ameonana na mtaalamu. Amepewa vidonge. Alipotoka nikamuuliza waliongea nini, akasema, "Mambo." Sikumsukuma.

Mei 21

Mvua imekatika. Nkoma pamba imeanza kupasuka, ile iliyonusurika. Mama mkwe hajarudi kuvuna, ameacha wadogo zake Kristofa wavune.

Mei 29

Kidonda kinajaa nyama nyekundu, lakini polepole. Dk. Luhaga anasema ni miezi, na huenda kisifunge bila upasuaji mwingine. Sijamficha Kristofa. Aligeuza uso, akalia kidogo. Ni mara ya kwanza namwona analia tangu Tanga.

Juni 12

Tumemleta nyumbani. Haruhusiwi kukaa, hivyo tumemwekea godoro sebuleni alale kifudifudi au kwa ubavu. Mimi au mama yake tunamgeuza. Kioo nimekivunja, nikakitupa.

Tangi linatia huzuni. Mifupa ya matumbawe imeota ukungu wa kahawia, maji yana rangi ya chai. Samaki wawili wanazunguka pembe moja. Alilitazama muda mrefu.

Juni 14

Leo mchana nilikuwa naosha kioo cha tangi. Kristofa alikuwa amelala kwa ubavu, ananitazama. Nikasema, ili kusema tu kitu, kwamba sasa hamna tena matumbawe, basi hii pampu iliyopo itawatosha samaki wawili.

"Hapana," akasema.

Nikageuka.

"Hapana nini?"

"Haitoshi. Inatakiwa ya elfu nne. Ansbert anayo."

"Kwa ajili ya samaki wawili?"

"Kwa ajili ya tangi. Kimo hakijapungua kwa sababu matumbawe yamekufa. Unaweka kubwa, unafunga koki mpaka inakaa sawa. Ndogo huwezi kuiongeza, kubwa unaweza kuipunguza."

Nikamwambia nafanya kazi usiku, mchana lazima nilale, na sitarudi kwenye ule mvumo. Akasema tutatandika mpira wa gari chini yake, mvumo utapungua. Nikasema mpira hautasaidia kitu. Akasema nimeujaribu lini. Nikasema basi ihamishwe, tangi la chini lije humu ndani, chini ya la juu, pampu ndogo itaweza. Akasema hilo ni wazo la mtu ambaye hajawahi kuishi na tangi mwezi wa kumi hapa Bariadi, maji yatachemka. Sauti yake ilipanda. Yangu pia. Nilikasirika kweli, mpaka nikatupa kitambaa ndani ya ndoo maji yakaruka.

Mama mkwe akaja kutoka jikoni na mwiko mkononi.

"Mnagombana nini?"

"Pampu," nikasema.

Akamwangalia mwanawe, ambaye uso wake ulikuwa umewiva kwa ubishi. Akavuta kigoda, akakaa katikati yetu, ugali akauacha jikoni.

Tumebishana mpaka harufu ya kuungua ikajaa nyumba. Hatukuelewana. Nikamwambia Kristofa nimechoka, sitaki kusikia tena habari ya pampu leo.

"Basi kesho," akasema.